Bandama Lililopona

Nianze kwa kusema ukweli: siwaamini. Msichukie, vijana wangu wa maabara, maana simwamini hata aliyeniuzia hii miwani ninayoandikia. Nimekaa nyuma ya darubini hapa Mwanza miaka mingi mpaka mgongo umeshika umbo la kiti, na kama kuna kitu nilichotoka nacho kazini ukiacha macho mabovu, ni shaka. Wenzangu waliniita Mama Shaka. Mwanzoni nilinuna, baadaye nikaanza kuitika.

Kwa hiyo mlipokuja nyumbani kwangu Ilemela kuniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, cha kwanza nilichojiuliza ni nani kawatuma. Mkasema mmejituma wenyewe. Haya, tuseme nimekubali. Lakini siandiki historia ya maisha yangu. Naandika kuhusu slaidi moja, kile kioo cha kupakia damu, mtoto mmoja aitwaye Kulwa, na saa nzima niliyoipoteza kwa sababu ya aibu wakati mtoto huyo anaelekea kufa bila mama yake kujua. Njiani nitachepuka hapa na pale, mnivumilie.

Aliyenifundisha kushuku ni Mzee Harishi, mkuu wa maabara yetu nilipoanza kazi. Mhindi wa Mwanza, mzaliwa wa Mirongo, babu yake alikuja na biashara ya vitambaa, na Kisukuma alikijua kuliko mimi Mkerewe. Alikuwa mfupi, shati limenyooshwa pasi, kalamu tatu mfukoni, na sijawahi kumwona akimwazima mtu hata moja. Chupa ya mafuta ya lenzi aliifunga kamba kwenye mguu wa meza kama mbuzi. Sukari ya chai aliichorea mstari kwa nje ya kopo ili ajue nani kaipunguza.

Siku yangu ya kwanza alinionyesha chupa ya damu akauliza, "Binti, nani kakuambia hii ni damu ya huyu mtu?"

"Imeandikwa kwenye chupa, mzee."

"Chupa imejiandika yenyewe?"

Akanipeleka dirishani, akaniambia niite jina la kwenye chupa. Nikaita Kulwa. Wakasimama wanne. Ninyi mliosomea mbali mnaweza kucheka, lakini huku kwetu pacha akitangulia kuzaliwa ni Kulwa na anayemfuata ni Doto, awe wa kike au wa kiume, wa mjini au wa Magu. Ukisema utaandika jina la mama, mama naye anajitambulisha kuwa ni Mama Kulwa. Mzee Harishi alitulazimisha kuandika jina la mama la ubatizo, mtaa, na rangi ya nguo aliyovaa mtoto siku hiyo. Tulimwona ana wazimu. Leo mna mistari myeusi ya kusomwa na mashine, na bado ningewashauri muangalie rangi ya nguo.

Mwezi wangu wa tatu niliandika majibu ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi kwamba ana vimelea vingi vya malaria. Nilifurahi, maana niliviona upesi na kwa wingi. Mzee Harishi akachukua slaidi, akachungulia, kisha akaita watu wote wa maabara pamoja na mama wa usafi.

"Njooni mtazame. Binti kavumbua malaria ya rangi."

Sikuwa nimechuja rangi asubuhi ile. Yale madoa yalikuwa punje za Giemsa, rangi tunayopaka slaidi, zilizoganda juu ya damu. Watu walicheka mpaka wakashika meza, na kwa wiki nzima nikiingia mlangoni salamu ilikuwa "Malaria ya rangi, hujambo?" Nilicheka nao. Nyumbani nililia.

Fundisho lenyewe lilikuwa zuri na nawapa bure. Chujeni rangi kila siku, hata kama jana ilichujwa na mtu mnayemheshimu. Na mkiona doa mnalolitilia shaka, zungusheni skrubu ndogo ya darubini polepole. Kilichomo ndani ya seli kitaonekana vizuri pale pale seli inapoonekana vizuri. Punje ya rangi imekaa juu, kwa hiyo ikionekana vizuri, seli chini yake inakuwa na ukungu. Hilo halijanidanganya. Ila namna nilivyofundishwa, ile ya kuita watu waje kucheka, ndiyo iliyokuja kuniponza.

Kabla sijafika kwa Kulwa niwaambie habari za mshuku mkubwa kumzidi Mzee Harishi, nao ni mwili wa binadamu.

Wadudu wa magonjwa wana makazi ya namna mbili. Wapo wanaoingia ndani ya seli zetu na kujifungia humo, kama vimelea vya malaria ndani ya seli nyekundu. Na wapo wanaobaki nje ya seli, wanaelea kwenye damu, kwenye majimaji ya mapafu, kwenye maji ya uti wa mgongo. Mtu anaweza kudhani hawa wa nje ni rahisi kukamatwa kwa kuwa wako hadharani. Mimi mtu anayekaa hadharani namwogopa zaidi, kwa sababu lazima ana sababu ya kujiamini.

Wa kwanza kufika ni seli nyeupe tunazoziita nyutrofili. Usaha ule mnaoukunjia pua ni maiti zao pamoja na maiti za waliopigana nao. Nyutrofili humeza adui mzima mzima, kisha hufa naye. Kazi yao ina shida moja: kabla ya kumeza lazima ushike, na wapo wasioshikika. Bakteria anayeleta nimonia kali kwa watoto huvaa koti la sukari, laini na telezi. Kumshika ni kama kumshika kamongo, yule samaki wa matopeni, kwa mkono mtupu.

Hapo ndipo mwili unapotumia alama. Kuna protini za kwenye damu zinazoitwa komplimenti, ambazo humganda mgeni yeyote asiyejieleza, na bakteria wengine zinawatoboa kabisa wakamwaga matumbo. Na kuna kingamwili, ambazo hutengenezwa kwa kupimwa: hii ya koti hili, ile ya koti lile. Kingamwili hushika koti la bakteria kwa upande mmoja, na upande wa pili huwa kama mkono wa kikombe ambao seli inayomeza inaushika. Bakteria yule yule aliyekuwa akiteleza sasa anabebeka.

Wapo pia wakubwa wasiomezeka. Watoto wa visiwani na wa kando ya ziwa walituletea damu zenye esinofili nyingi, zile seli zenye punje nyekundu kama pilipili ya unga, na mimi nikiziona nilikuwa nauliza kwanza kama mtoto anaoga ziwani. Mnyoo wa kichocho anakaa ndani ya mshipa wa damu, nje ya seli, na hakuna seli inayoweza kummeza. Kwa hiyo kingamwili humpaka akiwa bado mchanga, esinofili zikamzunguka na kummwagia sumu mwilini. Akiwahi kukua, anajivisha protini za damu yako wewe mwenyewe, akaonekana kama mtu wa nyumbani. Nilipomsomea Mzee Harishi habari hiyo kutoka kitabuni alifikiri kidogo, akasema, "Huyo hata mimi angenipita."

Sasa bandama. Liko juu kushoto, chini ya mbavu, na watu wengi hawajui lina kazi gani mpaka livimbe. Damu ikifika humo inapunguza mwendo na kupita kwenye vijia vyembamba, ambako seli walaji zimekaa zikikagua kila kinachopita, kama afisa uvuvi kwenye mwalo wa kushushia samaki, anayepekua kapu hadi kapu akitafuta samaki wachanga. Bakteria mwenye alama hata kidogo hatoki. Bandama pia ndilo linalowahi kutengeneza kingamwili dhidi ya yale makoti ya sukari. Na lina kazi nyingine ndogo ambayo sisi wa darubini tunapaswa kuijua: seli nyekundu ikipita ikiwa na punje ya kiini iliyobaki ndani, bandama huinyofoa punje hiyo, seli ikaendelea na safari ikiwa safi.

Mtu asiye na bandama anatembea, anacheka, anacheza mpira. Kisha bakteria mwenye koti anaingia kwenye damu asubuhi, na jioni mtu huyo hayupo.

Asubuhi ya Kulwa ilikuwa ya msimu wa mvua, foleni imetoka nje ya jengo. Mama mmoja kutoka Mkolani alikuja na pacha wake wa miaka minne, Kulwa wa kike na Doto wa kiume, wote wanachemka. Doto alilia kwa nguvu nilipomchoma kidole. Kulwa alinitazama tu. Hilo lilipaswa kunishtua, kwa sababu mtoto wa miaka minne asiyelilia sindano ni wa kumtilia shaka, lakini nilishukuru kwamba hanipigii kelele.

"Uwape majibu sawa tu, dada," mama akasema, nusu utani. "Hawa ukimtibu mmoja, mwenzake anaanguka."

Mnajua mila hiyo. Pacha hawabaguliwi. Kitenge kikinunuliwa kinakatwa vipande viwili, mmoja akinyolewa na mwingine ananyolewa, dawa akinywa huyu na yule anaonjeshwa. Mimi pia nimelelewa hivyo, na msidhani mtu akivaa koti jeupe mila inabaki kwenye msumari mlangoni.

Slaidi ya Doto ilijaa vimelea, haikuwa na mjadala. Slaidi ya Kulwa ilikuwa na matatizo. Mnajua kila slaidi ina tone nene la kutafutia vimelea na damu iliyotandazwa nyembamba ya kuvitambua. Tone nene la Kulwa sikulisubiri likauke sawasawa, likabanduka kwenye rangi na kwenda na maji. Nilipaswa kuweka tone jingine na kulisubiri. Nikatazama foleni. Nikaamua kutumia ile nyembamba peke yake, na humo nikaona ndani ya seli nyekundu kuna vidoa, kimoja kimoja, vya zambarau. Nikajisemea: pacha, chandarua kimoja, mbu mmoja. Nikaandika malaria kwenye fomu zote mbili, nikatia sahihi.

Wakati naandika, mama alikuwa akiongea dirishani na jirani yake wa foleni. Nilimsikia kwa sikio moja.

"Huyu Kulwa ndiyo alinisumbua na bandama. Lilimvimba mpaka hapa kwenye kitovu. Bibi yake akamchanja chale, likapona lenyewe. Juzijuzi dakitali kalitafuta kwa mikono hakuliona kabisa."

"Mshukuru Mungu," jirani akasema.

Nikawapa fomu zao. Wakachukua dawa, wakaondoka.

Saa nne tulikuwa tunakunywa chai. Andazi likiwa mdomoni, yale maneno yakanirudia: likapona lenyewe, dakitali hakuliona. Nikaacha kutafuna. Malaria huvimbisha bandama. Mtoto wa huku kwetu, anayeugua homa kila msimu, aliyekuwa na bandama mpaka kitovuni, leo ana malaria na bandama halishikiki? Lilikwenda wapi? Chale hazijawahi kupunguza bandama. Mimi mwenyewe ninazo tatu ubavuni, alizonichanja shangazi yangu Ukerewe, na ninajua zilichonifanyia, yaani makovu.

Nikarudi kwenye slaidi. Safari hii nilitazama kama mtu anayetafuta mwizi ndani ya familia yake. Vile vidoa vilikuwa duara kamili, vyeusi-zambarau, kingo laini, kila seli na kimoja chake. Kimelea cha malaria kina nukta na kimwili cha bluu pembeni, kama pete yenye kito. Hivi havikuwa na pete. Nikazungusha skrubu: viko ndani ya seli, siyo rangi. Zilikuwa zile punje za kiini ambazo bandama hunyofoa, na hakuna aliyezinyofoa. Pembeni yake kulikuwa na seli zilizojikunja kama mundu, siyo moja wala mbili, na asubuhi ile nilikuwa nimepita juu yake bila kuziona kwa sababu sikutumwa kuzitafuta.

Mtoto alikuwa na selimundu. Katika ugonjwa huo zile seli zilizojikunja huziba vijia vya bandama, likavimba, kisha likanyauka kidogo kidogo mpaka linabaki kovu. Bibi alichanja chale wakati bandama linaanza kufa, na lilipotoweka familia ikasherehekea. Wakapika kuku, mama alikuja kuniambia baadaye.

Na nyutrofili zilikuwa nyingi mno, nyingine changa kabisa, zimejaa punje nyeusi kama watu waliotolewa kitandani kwenda vitani. Ndani ya moja nikaona vijiduara viwili vimekaa pamoja kama punje mbili za choroko. Bakteria kwenye damu hawaonekani hivi hivi kwa darubini. Wakionekana, ujue wamejaa.

Hapo nilipaswa kusimama, kuacha kila kitu na kukimbia.

Sikusimama. Mzee Harishi alikuwa chumba cha pili na wanafunzi kutoka chuoni, anawafundisha. Nikaiona kabisa ile picha: naingia, nasema nimemwandikia mtoto malaria ambayo hana, na sasa nadhani naona bakteria kwenye damu, na yeye anageuka kwa wanafunzi na kuwaita waje watazame. Je, kama vile viwili ni rangi tena? Nikachuja rangi upya. Nikapaka slaidi nyingine kwa damu iliyobaki kwenye kichupa chake, nikasubiri ikauke, safari hii kwa uvumilivu mkubwa. Nikapaka rangi, nikasubiri tena. Nikahesabu seli mia, nikahesabu mia nyingine. Nilijiambia nahakikisha. Ulikuwa uongo, wanangu. Niliona yote niliyohitaji kuona kwenye slaidi ya kwanza. Nilichokuwa natafuta ni namna ya kuwa sahihi bila kukiri kwamba nilikosea. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, na muda uliopita ni saa nzima.

Mwishowe nikaenda. Mzee Harishi akaja, akainama kwenye darubini, akakaa muda mrefu. Hakumwita mtu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Wameondoka."

"Umeona hii saa ngapi?"

"Sasa hivi, mzee," nikasema.

Akatazama slaidi ya pili, iliyokwisha kukauka. Yule alikuwa mtu aliyechora mstari kwenye kopo la sukari, kwa hiyo msiniambie hakuelewa. Aliniangalia usoni, kisha akaenda kumwambia daktari aandae sindano, akarudi na funguo za gari lake mwenyewe.

Fomu ilikuwa na jina la mama na mtaa, kama sheria ya mzee ilivyotaka, lakini jina la ubatizo hakuna aliyelijua huko Mkolani. Tulipouliza tukaambiwa, "Aa, Mama Kulwa," tukaelekezwa kwa bibi kizee ambaye Kulwa wake ni fundi mwashi. Kutoka hapo tukaelekezwa kwa Mama Kulwa muuza mchicha, ambaye pacha wake walikuwa shuleni na wazima. Nilitamani kukaa chini nilie. Ndipo Mzee Harishi akaniuliza fomu inasema mtoto alivaa nini. Gauni la njano. Mtoto mmoja barabarani akanyoosha kidole.

Mama Kulwa alikuwa anaanika nguo. Doto amekaa kizingitini anakula uji, dawa ya malaria imeanza kumfaa.

"Tumemfuata Kulwa," nikasema. "Arudi hospitali sasa hivi."

Akatuangalia, mimi na yule Mhindi, kisha gari. "Kwa nini Kulwa peke yake? Si mliwapima pamoja? Malalia yao si moja?"

"Kulwa hana malaria, mama."

"Bhebhe, wewe, asubuhi umeandika ana malalia. Sasa hivi hana. Kesho utasema nini? Nani kawatuma?"

Majirani wakaanza kusogea. Maswali yote aliyouliza ningeuliza mimi. Mzee Harishi akazungumza naye Kisukuma, polepole, sauti ya chini. Sikushika yote. Nilisikia neno la bandama mara mbili, na mara ya pili mama akashika mdomo.

"Amelala ndani," akasema. "Nilidhani dawa imemlegeza."

Kulwa hakuwa amelala. Nilipomwinua kichwa, shingo ilikuja na mabega kwa pamoja, ngumu kama ubao. Mama akakataa katakata kumwacha Doto nyuma, kwa hiyo tuliwapakia pacha wote wawili, Doto na bakuli lake la uji.

Hospitali Kulwa alichomwa sindano ya kuua bakteria, na daktari akatoa maji ya uti wa mgongo. Maji hayo yanapaswa kuwa angavu. Ya Kulwa yalikuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Niliyapaka rangi mwenyewe, na wakajaa kwenye lenzi: wawili wawili, zambarau, kila jozi imezungukwa na duara tupu jeupe pale lilipo koti la sukari. Nyutrofili zilikuwepo, zimewakaribia, na nyingi zilikuwa tupu. Zilikuwa zinateleza. Sijawahi kuona kwa macho yangu jambo nililolisoma kitabuni likionekana wazi kiasi kile, na sijawahi kulichukia jambo kama lile.

Kulwa hakufa. Siku tatu hatukujua. Siku ya nne alifungua macho, ya sita aliomba maji. Siku ya kumi muuguzi aliangusha trei ya vyuma nyuma ya kitanda chake. Doto aliruka, mama akaruka, mimi mlangoni nikaruka. Kulwa aliendelea kumsuka mwanasesere wake, wala hakugeuka. Hivyo ndivyo tulivyojua. Homa ya uti wa mgongo huua masikio, mara nyingi moja kwa moja.

Mzee Harishi hakuniuliza tena kuhusu muda ule mpaka alipostaafu. Wala hakumwita tena mtu yeyote kuja kumcheka mwenzake. Nadhani naye alikuwa na hesabu zake anazozijua.

Ninyi mmekuta mambo mengine. Mtoto akizaliwa anaweza kupimwa selimundu mapema, na mwenye nayo akapewa vidonge vya penisilini kila siku katika miaka yake ya mwanzo, ili bakteria asipate nafasi ya kuanza. Chanjo ya nimonia iko kwenye kadi ya kliniki. Inauonyesha mwili lile koti la sukari mapema, kingamwili zikae tayari hata kama bandama limelegea. Mna mashine inayohesabu seli kabla hamjamaliza kupiga miayo. Haya yote nayafurahia, na yote nayashuku. Kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kusema ndiyo wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu kinanusa mabaki. Kikisema hapana, hakijakuambia ni nini. Na mashine haisikii mama anachomwambia jirani yake dirishani. Msifunge lile dirisha mkidai kelele.

Mama Kulwa alikuwa ananiletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kila baada ya mavuno ya viazi, mwaka hadi mwaka, akiniita yule dada aliyemfuata mwanangu mpaka nyumbani. Niliipokea, nikala. Nilipostaafu nikaona siwezi kula tena michembe ya yule mama, nikafunga safari kwenda Mkolani.

Nilimkuta barazani anachambua choroko. Kulwa, mtu mzima sasa, alikuwa kwenye cherehani, kwa sababu ni fundi wa nguo na wateja wake wanamfuata toka mbali. Doto alikuwa amekuja kumtazama mama. Tukasalimiana, nikakaa.

"Mama Kulwa, ile karatasi ya malaria ya Kulwa niliiandika mimi."

"Najua. Si wewe ulikuwa dirishani?"

"Kuna jambo jingine hulijui." Nikamweleza. Kwamba nililigundua kosa, na kabla ya kusema nikakaa saa nzima.

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Saa nzima ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naogopa kuchekwa."

Akausogeza ungo pembeni. "Na masikio yake yalipotea saa hiyo?"

"Sijui. Labda yalikuwa yamekwisha kupotea. Labda yangepotea hata ningekimbia. Sijui, mama, na hakuna kipimo cha kuniambia."

Akamgeukia Kulwa, akamgusa bega, akaanza kumsimulia kwa ile lugha ya mikono waliyoitengeneza wenyewe nyumbani. Niliona habari yangu ikipita: kidole kwenye jicho, saa ya mkononi, mimi nimekaa. Kulwa aliondoa mguu kwenye cherehani. Alinitazama usoni muda mrefu, hakulia wala hakutabasamu. Kisha akaniuliza kwa mikono, na Doto akanitafsiria.

"Anauliza, siku hizi mtu wa maabara akikosea, anakaa muda gani ndiyo aseme?"

Nikamwambia mimi nimestaafu, sijui. Nikasema nitawauliza walioko kazini. Doto akampa jibu langu, Kulwa akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye cherehani yake.

Basi nawauliza.